Kichuguu cha Karafuu: shajara ya kumjengea chatu maficho

Jumamosi, 6 Januari 2024. Hali ilivyo

Karafuu ni chatu mpira, Python regius kwa jina la kisayansi. Ni dume, urefu kama sentimita 110, uzito gramu 1,350 kwenye mizani iliyokuwa ya jikoni hadi mke wangu alipogundua inapimia nini. Mwenye nyoka ni binti yangu. Mimi hulipa umeme, na kuanzia leo ni fundi. Tunaishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kupiga vigae: nilianzia Tanga, nikaenda Dar, na huku naendelea nayo. Ndiyo maana vifaa vingi mtakavyoviona humu ni masalia ya kazi za watu.

Kizimba ni cha mbao, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, na mbele kina vioo viwili vya kusukuma. Kulia kuna taa ya halojeni ya wati 75 ndani ya kikapu cha waya. Kikapu hicho si pambo. Chatu akiikuta balbu tupu huizonga, na anaweza kuungua vibaya bila kuiachia. Taa inaongozwa na themostati, kifaa kinachopima joto na kuipunguza au kuiongeza taa. Upande wa joto tunataka nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 24 hadi 26. Sakafuni ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kwetu tunayatupa au kuyawashia moto. Huku yanauzwa yamekandamizwa kuwa tofali, na bei yake ingemchekesha mkwezi yeyote wa Pangani.

Tatizo ni maficho. Alikuja na nusu gogo la plastiki, refu, wazi huku na huku, linalopitisha mwanga. Halali humo. Mchana anazunguka akisugua pua kwenye kioo, panya anamkataa, na mara ya mwisho alipojivua gamba lilitoka vipande vipande. Joto tumelipima, liko sawa. Anachokosa ni tundu. Porini, kuanzia Senegal hadi Uganda, chatu hawa hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, gizani, mwili umegusana na udongo pande zote. Pango pana ambalo sisi tungeona ni ukarimu, kwake ni uwanja.

Masharti basi ni haya. Kuta zimguse akijikunja. Mlango uwe mmoja. Ndani pawe giza. Na maficho yawe mawili ya ukubwa uleule, moja kwenye joto na moja kwenye baridi, kwa sababu nyoka hajitengenezei joto lake mwenyewe. Ukimpa maficho upande mmoja tu unamlazimisha achague kati ya usalama na joto, na mara nyingi atachagua usalama hata kama chakula tumboni hakisagiki.

Leo nimempima akiwa amejikunja amelala: upana sentimita 24, kimo 9. Pango litakuwa 28 kwa 25 kwa ndani, kimo 11. Mlango upana 8, kimo 6.5. Kwa nje nitachonga umbo la kichuguu. Nimekulia Tanga, na kichuguu chenye tundu tulionywa tangu utoto tusikichokonoe. Mwenyeji wake tulimjua hata kabla ya kumwona.

Kwa kushikilia hali, tumepindua beseni dogo la plastiki jeusi la paundi 1.50, tukalikata mlango, tukalainisha kingo kwa msasa. Usiku huohuo aliingia akatulia. Kwa hiyo msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Beseni linafanya sehemu kubwa ya kazi. Linaloshindwa ni joto na unyevu, tena ni jepesi, linasukumika. Mengine yote ni macho yetu sisi.

Jumapili, 14 Januari. Kukata na kubandika

Mwili wa kichuguu ni stairofomu, ile bodi ngumu ya kuhami joto inayowekwa chini ya sakafu za bafu, unene sentimita 5. Nina masalia yake mengi. Si ile nyeupe ya punje inayofungia televisheni. Hiyo ukiikata inamwaga punje zinazong'ang'ania kila kitu, na chatu anaweza kuzimeza pamoja na panya.

Kukata ni rahisi: pete za stairofomu zinapangwa moja juu ya nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, kisha paa. Nimekata kwa kisu cha boksi, nikachonga kwa kisu cha mkate na brashi ya waya. Yote yamefanyika uani, kwa sababu vumbi lake halifagiliki. Wapo wanaokata kwa waya wa moto. Unakata vizuri, lakini moshi wake si wa kuvuta.

Sakafu sikuiweka, na hilo ni la makusudi. Stairofomu inazuia joto. Wenye mkeka wa umeme chini ya kizimba wakiweka maficho yenye sakafu ya stairofomu juu yake, ndani patakuwa baridi na chini patapikika.

Kubandika ndiko kulikosumbua. Gundi ya kopo, ile ya mafundi wa zulia, ina kiyeyushi, na kiyeyushi kinaila stairofomu. Niliijaribu kwenye kipande cha pembeni, na pale nilipopaka pakabaki shimo lenye kingo za kunata. Rangi ya kupuliza ya kopo hufanya vivyo hivyo. Paundi 6 zimekwenda.

Nikahamia silikoni. Soma kasha: ya bafuni huwa na dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo haifai mahali anapoishi kiumbe. Chukua ile tupu, ya matangi ya samaki. Nikapaka kwa wingi kati ya pete na pete, nikaweka uzito juu. Siku kadhaa baadaye nilivuta pete moja ikateleza. Pembeni ilikuwa imekauka, katikati bado ni mbichi na inanuka siki. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na hewa haifiki katikati ya mbao mbili pana za stairofomu. Dawa yake: kwangua, anza upya, weka mistari myembamba miwili karibu na kingo tu, kisha shindilia vijiti vya mishikaki kutoka juu hadi chini viwe misumari. Vijiti ndivyo vinavyobeba, silikoni inazuia kuzunguka. Usiendelee na hatua nyingine mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Mama alipiga simu nikiwa katikati ya kazi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kelele za nini.

"Namjengea nyoka nyumba, mama."

Kimya. "Nyoka ana nyumba Ulaya. Na ile ya Pongwe imefika wapi?"

Ile ya Pongwe imefika kwenye lenta.

Jumamosi, 20 Januari. Grauti imepasuka

Stairofomu inavikwa koti la grauti, ule uji wa saruji wa kuzibia nafasi kati ya vigae. Grauti ni kazi yangu ya kila siku, na ndiyo iliyonikatalia. Mkono uliozoea kuijaza kwenye mifereji ya milimita 3 kati ya kigae na kigae unataka kuijaza. Tabaka la kwanza lilitoka na unene wa milimita 5 hivi, nikakiweka kichuguu chumba cha kufulia, karibu na redieta, kile chuma cha ukutani kinachopasha nyumba joto, kikauke haraka. Kesho yake kilikuwa na nyufa kila upande, na vipande vilibanduka kwa kucha.

Sababu ni mbili. Kwanza, bodi hii ina ngozi laini ya kiwandani, na grauti haina pa kushika. Pili, saruji haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kutumia maji, ukiyatoa haraka inasinyaa na kupasuka. Fundi yeyote anajua zege linamwagiliwa. Kwenye kitu kidogo cha ndani ya nyumba ni rahisi kusahau.

Kichuguu cha pili nilikuwa nimekiweka gereji ili kikwepe redieta. Wiki hii Leicester kumeganda. Grauti ya gereji imekuwa unga. Ukipitisha kidole inadondoka. Chini ya nyuzi 5 saruji karibu inalala, na maji yaliyomo yakiganda yanaivunja kutoka ndani.

Nimekwangua vyote viwili. Utaratibu uliokubali ni huu:

Paruza stairofomu yote kwa brashi ya waya mpaka iwe na manyoya. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama uji wa mgonjwa, lipakwe kwa brashi, lengo likiwa kuingia kwenye mikwaruzo tu. Tabaka la pili na la tatu ziwe nzito kidogo, kila moja milimita 1 hadi 2, na kati yake ipite angalau siku nzima. Kila baada ya kupaka, nyunyizia maji kwa chupa ya kupuliza na funika kwa mfuko wa plastiki. Chumba kiwe nyuzi 15 hadi 20, mbali na redieta. Grauti iwe ya saruji ya kawaida, isiyoongezwa dawa ya ukungu. Ile ya vichupa viwili vya kuchanganya ni epoksi, ni kitu kingine.

Rangi nimetumia oksaidi nyekundu ya unga, ileile iliyosakafia baraza za bibi zetu, nikaichanganya ndani ya grauti yenyewe badala ya kupaka juu, ili ikichubuka isionyeshe weupe. Usizidishe asilimia 5 ya uzito wa grauti kavu. Ukizidisha, saruji inadhoofika na rangi inabaki mkononi. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwa sababu ikikauka hupauka sana. Ya kwangu ilipokuwa mbichi ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Kavu imekuwa hasa ya vichuguu vya barabara ya Handeni.

Ndani nimepitisha sponji yenye maji kabla haijakaza, pawe laini. Nje nimeacha makwaruzo, kwa kuwa nyoka anayeanza kujivua gamba hutafuta mahali pa kusugulia mdomo. Makwaruzo, si ncha. Pitisha kiganja cha mkono. Panapokuuma wewe patamchana yeye tumboni.

Ijumaa, 26 Januari. Kuondoa ukali

Mafundi wa saruji tunaijua ngozi ya vidole inavyokwisha. Grauti changa ina alikali kali, na nyoka anaishi tumbo juu yake. Kabla ya kuingia kizimbani lazima ilowekwe.

Nimenunua karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi na alikali: 7 ni katikati, na kadiri inavyopanda ndivyo alikali inavyozidi. Kichuguu nimekiweka ndani ya beseni kubwa la bafu, na hapohapo kikaelea. Bila shaka, ni stairofomu. Kimezamishwa kwa vigae vya porseleni na ndoo ya maji juu yake. Maji ya kwanza yalisoma 12. Nikamwaga, nikajaza, nikaongeza vikombe viwili vya siki nyeupe, nikasugua kwa brashi, nikamwaga tena. Maji yanabadilishwa kila siku. Siki inasaidia uso wa juu tu, na ikikaa muda mrefu inaanza kuila grauti, kwa hiyo ni ya kusuuzia, si ya kulowekea. Leo maji yaliyokaa usiku kucha yanasoma 8, sawa na ya bomba letu. Nimetosheka.

Familia imeoga kwa zamu za ajabu muda wote huu. Sina la kujitetea.

Sikupaka vanishi. Wengi hupaka vanishi ya maji ili grauti isinywe uchafu, na ni jambo zuri kwa maficho ya upande wa joto, ikipewa wiki kadhaa ikauke. Lakini nataka la upande wa baridi linywe maji na kuyatoa polepole, kama mtungi unavyofanya. Gharama yake ni kwamba utitiri wa nyoka ukiingia nyumbani utajificha kwenye vitundu hivyo, na hapo hakuna kusafisha, ni kutupa. Nyoka mpya akija atakaa peke yake kwenye kizimba kingine kwanza.

Jumamosi, 3 Februari. Joto haliingii

Vichuguu vyote viwili viko kizimbani tangu juzi. Karafuu amekipenda cha upande wa baridi. Cha upande wa joto alikizunguka, akaingia, akatoka, akarudi kwenye beseni lake la plastiki nililosahau kulitoa.

Binti yangu ndiye aliyesema, "Baba, umeweka kipimajoto ndani au nje?"

Nje. Juu ya kichuguu, chini ya taa, 41. Nikatia waya wa kipimajoto ndani: 25.5. Nyumba nzima imejengwa kwa kitu kinachotengenezwa ili kuzuia joto lisipite, kisha inategemewa ipitishe joto. Nyoka angelala ndani baridi, na akipanda juu aungue. Themostati nayo ilikuwa inasoma hewa ya pembeni, haijui lolote. Na stairofomu ikipata moto sana hulainika na kuharibika, kwa hiyo 41 hiyo haikuwa ya kuchezea hata kwa upande wa usalama wa nyumba.

Marekebisho yametoka kwenye gari la kazi: kigae cha sleti asilia, sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 1. Nimekata paa lote la kichuguu cha joto kwa msumeno, nikabaki na kuta, na kigae kimekuwa paa. Jiwe linapokea joto la taa, linalipitisha ndani, na taa ikizimika linaendelea kulitoa kwa muda. Baada ya saa tatu za kungoja: juu ya sleti 36, ndani chini ya sleti 32. Kitambuzi cha themostati sasa kimefungwa pale mgongo wa nyoka unapofika, chini ya sleti. Kimefungwa kwa kishikizo cha plastiki na skrubu. Utepe wa gundi usitumike ndani ya kizimba, hata kidogo. Ukimnasa nyoka unatoka na magamba yake.

Uzito wa kigae hicho ni kama kilo 2.4. Kikidondoka juu ya nyoka kinaua. Kwa hiyo nimechonga ukingo kuzunguka kuta zote, upana sentimita 2, kigae kikae ndani yake kisiweze kuteleza, nikaupaka grauti mara tatu ukomae, kisha nikakilaza juu ya silikoni. Halafu nikakaa juu yake mimi mwenyewe, kwa tahadhari. Ninazidi kilo 80. Kimeshika.

Mtu asiye na sleti atumie kigae cha kauri kisichong'aa, au bamba la jiwe la bustani. Cha kung'aa kinateleza, na chatu mpira si mkwea mzuri. Mawe ya umeme, yale yenye waya ndani yanayouzwa kwa wafugaji, yaache yalipo. Yamewaunguza nyoka wengi kwa sababu joto lake liko sehemu moja na nyoka hasogei upesi.

Sura ya kichuguu imeharibika, sasa kinafanana na meza. Binti yangu hakufurahi. Nyoka aliingia kabla ya magharibi.

Jumapili, 11 Februari. Wepesi

Cha upande wa baridi kilikuwa hakina uzito wowote. Chatu wa kilo 1.35 anaposukuma ukuta kwa mgongo ukuta unasogea, na anapochimba makumbi chini ya ukingo nyumba inamwinamia. Jumatano asubuhi tulikikuta kimelala upande, mlango ukitazama juu, na yeye ndani hajali.

Nimekata vipande vya porseleni vya sentimita 4 kwa grainda, nikavipanga kuwa pete chini ya kuta kwa grauti. Kimeongezeka uzito wa kilo 3 hivi. Nimekiloweka tena chote, kwa sababu grauti mpya ina ukali mpya. Na badala ya kukiweka juu ya makumbi, sasa kinakaa moja kwa moja kwenye sakafu ya mbao, makumbi yanajazwa pembeni na ndani. Kitu chochote kizito kizimbani kiwe hivyo, nyoka asiweze kupita chini yake.

Kingo za mlango nimezizungusha kwa msasa mpaka ziwe duara. Upana nimeuongeza kutoka 8 hadi 9. Hesabu ya mwanzo ilikuwa ya nyoka mwenye njaa. Aliyemeza panya ana tumbo jingine, na tundu aliloingilia akiwa mwembamba lisimzuie kutoka akiwa ameshiba.

Na ndiyo, ameshiba. Alhamisi usiku alimchukua panya kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Panya alikuwa wa kugandishwa, ameyeyushwa kisha akapashwa kwenye maji ya moto ndani ya mfuko, kwa sababu chatu huyu ana vitundu midomoni vinavyohisi joto na panya baridi hamwoni kama chakula. Alimng'ata akiwa mlangoni mwa kichuguu cha joto, kichwa tu nje, akamburuta ndani. Binti yangu alipiga ukelele uliomwamsha mama yake.

Jumamosi, 24 Februari. Unyevu, ukungu na gamba

Msimu huu wa redieta hewa ya nyumba ni kavu. Kipima unyevu cha kizimba kinasoma 45 hadi 50 kwa mia. Chatu mpira anataka 60 na kitu, na akikaribia kujivua zaidi ya hapo. Kuloanisha kizimba kizima ni kazi ya kutwa na mbao zinavimba. Kuloanisha pango moja ni rahisi.

Ndani ya kichuguu cha baridi tuliweka konzi mbili za sfagnamu, mmea laini wa vinamasini unaoshika maji mengi. Unyevu wa ndani ukapanda hadi 90, na matone yakaning'inia kwenye dari. Wiki moja tu, na kona ya nyuma ikaota ukungu mweupe. Nyoka akilala kwenye maji tumbo lake linapata vidonda, kwa hiyo tuliiondoa sfagnamu yote.

Marekebisho: nimetoboa matundu mawili ya milimita 8 nyuma, juu kidogo, hewa ipite. Sfagnamu inalowekwa kisha inakamuliwa kwa mkono kwa nguvu zote mpaka isidondoshe hata tone. Inakaa nusu ya pango, nusu nyingine ni makumbi makavu ili achague. Ukungu nimeusugua kwa maji ya moto na brashi, nikakiacha kichuguu kikauke kabisa siku mbili. Sasa ndani kunasoma 75 hadi 80 na dari ni kavu.

Macho ya Karafuu yaligeuka samawati ya maziwa tarehe 15, rangi ikafifia, akahamia kichuguu cha baridi asitoke. Hapo haguswi, haoni vizuri na ana hasira. Macho yakasafika tena, na jana asubuhi gamba lilikuwa limelala mlangoni, zima, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Tulilitandaza kwenye kitambaa tukatazama kichwani kwa kioo cha kukuzia. Vifuniko vya macho vyote viwili vimo. Hivyo ndivyo vya kuangalia. Kikibaki kimoja jichoni usikibandue mwenyewe, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Jumapili, 10 Machi. Gharama, na yaliyobaki

Paundi, kwa jumla:

Grauti, mifuko miwili ya kilo 5: 17
Vipimajoto na kipima unyevu vyenye waya: 18
Silikoni ya matangi: 8
Sfagnamu: 7
Oksaidi nyekundu: 6
Gundi iliyokula stairofomu: 6
Sleti (bei ya dukani, yangu ilikuwa bure): 5
Karatasi za pH: 5
Beseni: 1.50
Vijiti vya mishikaki: 1

Jumla 74.50. Stairofomu na porseleni ni masalia, siku na maji ya bafu sikuyahesabu. Maficho mawili ya dukani ya ukubwa huu yangekuwa kama paundi 40 hadi 50. Anayeniambia anajenga ili aokoe fedha nitamwonyesha orodha hii. Ila vipimajoto ningevihitaji hata kwa maficho ya kununua, na la dukani lenye paa zito la resini lingekuwa na shida ileile ya joto, ila nisingeijua.

Kwa walioko nyumbani wanaosoma haya: nyoka wa porini wanalindwa na sheria. Kenya kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013, Tanzania kuna ya 2009, na kumfuga bila kibali ni kosa. Karafuu kazaliwa kizimbani huku Uingereza. Lakini wapo wenye vibali, na wapo vijana wanaofanya kazi kwenye mbuga za nyoka, na kwao haya ni mepesi kuliko kwangu. Kwa nyoka wachanga, kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango na kulainishwa kwa msasa hakina mpinzani. Kwa mkubwa, chungu cha udongo kisichopakwa vanishi, kimepinduliwa, mlango umekatwa taratibu baada ya chungu kulowekwa maji, ili kisipasuke na vumbi lisiruke sana. Udongo unapitisha joto na unashika unyevu, yaani kazi zote mbili nilizohangaika nazo. Hata huku, ningeanza na chungu kikubwa cha bustani kwa upande wa joto na kuacha stairofomu kwa upande wa baridi tu.

Yaliyobaki: kichuguu cha baridi bado ni kipande kimoja, na kumwona nyoka ni lazima kukinyanyua chote, kilo zake sasa si haba. Nataka kukikata paa liwe kifuniko cha kunyanyua, lenye ukingo kama wa sleti. Na silikoni ya chini ya sleti inakaguliwa kila mwezi kwa kuisukuma kwa kidole gumba pembe zote nne. Siku itakayolegea kigae kinatolewa kabla ya kingine chochote.

Mwezi unatazamiwa kuandama leo usiku, kwa hiyo kukata paa kutasubiri baada ya Idi. Karafuu hana habari na funga. Ratiba yake ya panya inaendelea, Alhamisi.